Kufundisha Rangi ya Meno: Somo la Nuru na Enameli

Wakati wa mazoezi ya kufundisha katika shule moja iliyo chini ya Mlima Meru, tulikaa nyuma ya darasa tukimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha usafi wa mwili. Alimsimamisha mtoto mwenye meno ya hudhurungi, akawaambia wenzake kuwa hivyo ndivyo alivyo mtu asiyepiga mswaki. Mtoto aliketi, akafunika mdomo kwa kiganja, na hakujibu swali lolote mpaka kengele ilipolia. Mwanachuo hakuwa na nia mbaya. Alikosa maarifa, nasi tuliomfunza hatukuwa tumempa. Ndiyo sababu tunaandika makala haya.

Maarifa ya mwalimu

Jino si kama ukuta uliopakwa rangi. Enameli, yaani tabaka gumu la nje, ni madini kwa kadiri ya asilimia 96 ya uzito wake, na pale iliponenepa zaidi hufikia milimita 2.5 hivi. Tabaka hili huruhusu sehemu ya nuru kupenya. Chini yake imo dentini, yenye rangi ya manjano. Nuru hupita katika enameli, huakisiwa na dentini, kisha huyafikia macho yetu ikiwa na umanjano huo. Kwa hiyo jino lenye afya huwa na umanjano kidogo, hasa karibu na ufizi ambako enameli ni nyembamba. Tena jino lile lile huonekana la manjano zaidi mbele ya kibatari kuliko juani, kwa kuwa nuru ya kibatari ina buluu kidogo sana.

Katika baadhi ya sehemu za Arusha na Kilimanjaro, maji hupita katika miamba ya volkano na kubeba floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayeyanywa wakati enameli ya meno yake ya kudumu inajengwa, yaani kabla ya umri wa miaka 8 hivi, hupata enameli yenye vitundu vidogo mno. Vitundu hivyo hutawanya nuru, na jino huonekana jeupe kama chaki. Baada ya kuota, jino hilo huweza kunyonya rangi na kugeuka hudhurungi. Mswaki hauondoi kilichomo ndani.

Hatua za somo

Zana: karatasi ya manjano, karatasi ya shashi nyeupe, na maji.

1. Weka shashi kavu juu ya karatasi ya manjano. Wanafunzi waseme wanaona rangi gani. Wataona weupe, kwa sababu hewa iliyo kati ya nyuzi hutawanya nuru.

2. Lowesha shashi. Umanjano utajitokeza. Eleza kuwa ndivyo enameli nzuri inavyoionyesha dentini.

3. Acha shashi ianze kukauka. Mabaka meupe yatarudi. Linganisha mabaka hayo na enameli yenye vitundu.

4. Wanafunzi wataje maji wanayotumia nyumbani. Uliza: Je, kuyachemsha kunatosha? Sisitiza kuwa kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Wajadili jinsi ya kuwawekea wadogo zao maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi.

Tahadhari

Mwalimu asimtake mwanafunzi yeyote aonyeshe meno yake, shashi yatosha. Wala asiache kufundisha mswaki, kwani meno yenye mabaka nayo huoza yasipotunzwa.

Hitimisho

Wiki iliyofuata mwanachuo wetu alimwomba radhi mtoto yule, kisha akafundisha somo hili. Mtoto ndiye aliyejitokeza kulowesha shashi, na alipoulizwa sababu ya umanjano alijibu kwa sauti, mkono ukiwa mbali na mdomo. Walimu wenzetu, kabla ya kumhukumu mtoto kwa rangi ya meno yake, na tuulize kwanza alikunywa maji ya wapi.