Usiitupe Mausi, Isafishe Kwanza

Leo swali limetoka kwa binti anayechapa barua na fomu za watu dukani mjini Kismayo: "Dada, mausi yangu ya kompyuta haikai miezi. Mshale waanza kurukaruka, na mwenye duka aniambia mimi ndiye mharibifu. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, usilie. Hiyo mausi huenda ni nzima, ila haioni.

Igeuze uitazame. Chini ina taa ndogo na kamera ndogo zaidi, inayopiga picha za meza zaidi ya elfu moja kila sekunde na kuzilinganisha ili ijue mkono umekwenda wapi. Unywele mmoja au chembe ya mchanga ikiziba kitundu cha kamera hiyo, mshale unapotea. Meza ya kioo nayo huichanganya, kwa kuwa kioo hakina alama za kushika. Tandika kipande cha katoni au jalada la daftari, uone kama haikutulia.

Kusafisha si kazi. Chomoa waya, au toa betri. Chukua kitambaa kikavu, ukitie spiriti kidogo, ufute mgongo, vitufe na vile vijiguu vya chini. Kwenye kitundu tumia pamba ya kijiti, polepole. Uchafu wa kwenye gurudumu uchokoe kwa kijiti cha meno. Usiimwagie maji wala kupulizia kitu ndani. Na kama umetoka kupaka nywele mafuta au kula samaki wa kukaanga, nawa mkono kwanza. Mafuta ndiyo yanayogandisha vumbi.

Sasa chumvi. Kusi ikivuma, unyevu wa bahari unaingia hadi ndani ya nyumba, na chumvi hailali: huvuta maji ya hewani na kula chuma. Kwa hiyo mausi ya betri ikikaa siku nyingi bila kazi, toa betri uiweke kando. Ukikuta unga mweupe pale betri ilipokaa, usiuguse kwa kidole. Chovya pamba kwenye siki au ndimu kidogo, futa, kausha vizuri, halafu weka betri mpya. Usiku ifunike mashine kwa kitambaa. Mausi ya waya, usiukunje waya wake kwa kuuvuta na kuukaza, maana hukatikia ndani.

Nimebakiza jambo ambalo hukuniuliza. Mkono wako je? Uko karibu na mwili, kifundo kimenyooka, au umeuning'iniza ukingoni mwa meza? Ishike mausi bila kuibana, na isogeze kwa mkono mzima, kiwiko kikisaidia. Mwenye shoto asijilazimishe kulia: kwenye mipangilio ya kompyuta vitufe hubadilishwa upande. Foleni ya wateja ikipungua, simama, nyoosha vidole. Ukiona gumba na vidole vya jirani yake vinakufa ganzi usiku, na hali haiishi, nenda kwa daktari, usingoje.

Na mwenye duka mwambie hivi, kwa adabu: kabla hajakukata pesa ya mausi mpya, akupe kwanza spiriti na dakika tano.