Usilaumu Skana, Mdogo Wangu

Wiki hii nina ujumbe wa mdogo wangu mmoja, karani wa ofisi ndogo. Anasema: "Dada, bosi amenunua printa yenye skana juu yake. Kila nikiskani vyeti vyangu vya kuombea kazi, kila ukurasa unatoka picha peke yake, nzito, na mfumo wa maombi unazikataa. Mwisho narudi steshenari kulipia kitu ambacho kipo mezani kwangu. Nimwambie bosi abadilishe mashine?"

Usimwambie. Kazi ya skana ni kupitisha taa chini ya kioo na kupeleka picha kwenye kompyuta, basi. Hayo mengine yote unayolalamikia yanaamuliwa na programu. Kwa maelezo yako unatumia Windows Fax and Scan, ile iliyomo ndani ya Windows tangu enzi za Vista. Ni ya bure na haina makuu, ila PDF haijui. Itakupa JPG, PNG au TIFF, na ukitaka vyeti vitano viwe faili moja, huna pa kwenda nayo.

Ningekuwa wewe ningeweka NAPS2. Ni programu huria, hulipii senti, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, naps2.com. Usiende kwenye zile kurasa zenye vitufe vya kupakua kila kona, vingi ni mtego mtupu. Na kwa kuwa kompyuta ni ya ofisi, omba ruhusa kwanza, yasije yakawa mengine. Wenye Mac mnayo Image Capture tayari, nayo inaunganisha kurasa kwenye PDF moja. Kama skana ni kongwe na kampuni iliyoitengeneza imeacha kutoa draiva, kuna VueScan ya Ed Hamrick, ipo tangu 1998 na hufufua nyingi zilizosahaulika. Hiyo ni ya kulipia, kwa hiyo ijaribu kabla hujatoa hela.

Ukishaweka NAPS2, usikimbilie kuskani. Tengeneza kwanza profaili, yaani mipangilio unayoihifadhi kwa jina ili kesho usianze upya. Mimi nakushauri mbili: moja iite Vyeti, nyingine Barua.

Jambo la kwanza la kutazama humo ni ukubwa wa karatasi, na hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Programu nyingine huja zimewekwa Letter, karatasi ya Wamarekani, yenye urefu wa milimita 279. Sisi huku tunatumia A4, ambayo ni 297. Zinapotea milimita 18 chini ya ukurasa, na chini ya ukurasa kuna nini, mdogo wangu? Kuna sahihi na muhuri! Cheti kinaonekana kizima kwenye kioo cha kompyuta, kumbe muhuri umekatwa nusu, na anayepokea maombi hana muda wa kukupigia simu kukuuliza.

Halafu dpi, yaani idadi ya nukta kwa kila inchi. Nakusikia unasema umeweka 600 ili zitoke vizuri. Fanya hesabu nami. Ukurasa wa A4 wa rangi kwa dpi 300 una pikseli 2480 kwa 3508, sawa na takriban MB 26 kabla ya kubanwa. Kwa 600 unafika kama MB 104, maana ukizidisha dpi mara mbili, mzigo unaongezeka mara nne. Ndiyo maana mfumo unakukatalia. Vyeti na barua 300 inatosha, hata 200 inasomeka vizuri. Hiyo 600 iwekee picha ndogo za zamani za bibi na babu unazotaka kuzikuza.

Na rangi? Profaili ya Barua iwe kijivu. Ile ya Vyeti iwe rangi kamili, kwa sababu ukichagua nyeusi na nyeupe tupu, programu inaamua kila nukta iwe giza au mwanga, na muhuri wa bluu uliopauka unaweza kuhesabiwa mwanga ukatoweka. Faili likibaki zito, punguza ubora wa picha kidogo kwenye mipangilio ya profaili, uskani tena, kisha lifungue, ulikuze, usome namba ya cheti. Ikisomeka, tuma.

Kama printa yenu ina trei ya kujilisha karatasi lakini inasoma upande mmoja tu, usikae kugeuza moja moja. Pitisha rundo lote mbele, ligeuze, pitisha nyuma, halafu NAPS2 ina amri ya Interleave inayopanga kurasa zifuatane. Ukiona nyuma zimekuja kinyumenyume, tumia Alternate Interleave.

Nyinyi makatibu wa vikoba na SACCOS, washeni na OCR, yaani uwezo wa programu kusoma maandishi yaliyo kwenye picha. Kiswahili kimo kwenye lugha zake. Mihtasari iliyopigwa chapa inakuwa PDF unayoweza kutafuta neno ndani yake, "mkopo" au "faini", badala ya kupekua mafaili mwaka mzima. Ile ya kuandikwa kwa mkono usiitegemee, mwandiko wa watu unaujua mwenyewe.

Faili lipe jina la maana, kwa mfano cheti-kidato-cha-nne, si scan0007. Kwa jina hilo la pili utakuja kumtumia mwajiri risiti ya umeme.

La mwisho ni kwa wale ambao bado mnategemea steshenari, na hakuna ubaya. Kitambulisho chako cha taifa kikiskaniwa pale, nakala inabaki kwenye kompyuta ya watu, na anayekuja baada yako anaweza kuiona. Usiondoke na flashi yako tu. Mwombe kijana wa pale afute faili mbele ya macho yako, amwage na kapu la taka la kompyuta, ndipo ulipe.