Kufuatilia huduma bila kugombana na wauguzi

Swali: Kikundi chetu cha watu wanaoishi na VVU kinataka kufuatilia huduma za kliniki yetu. Tuanzie wapi?

Jibu: Anzeni na yanayohesabika: mtu kafika saa ngapi, kaondoka saa ngapi, kapewa dawa za miezi mingapi, na je, hali yake ya VVU ilitajwa mbele ya watu kwenye foleni? Majina msiandike kabisa.

Nchini Afrika Kusini, mradi wa Ritshidze wa kufuatilia huduma za kliniki, unaoongozwa na mitandao ya watu wanaoishi na VVU, umekuwa ukipeleka matokeo kwa msimamizi wa kituo kwanza, kisha ngazi za juu. Utaratibu huo ni mzuri, kwa sababu muuguzi akizisikia habari zake redioni kwanza, ushirikiano umekwisha. Mbali na wanaofika kliniki, walioacha dawa nao wahojiwe. Hamtawakuta kwenye benchi la kliniki, watafuteni mtaani.