Somo la ufundi: antena ya kiraka, ziwani na barabarani



Tukisikia neno antena, wengi wetu tunafikiri ule waya mrefu wa redio, au lile sahani la televisheni juu ya bati. Antena tunayoisoma leo haichomozi popote. Ni kibamba cha pembe nne, upana wake vidole viwili hivi, kimefichwa ndani ya kisanduku cha plastiki. Kimo ndani ya chombo cha GPS ambacho mvuvi huchukua ziwani ili ajue alipo. Kimo pia ndani ya kile kisanduku ambacho matajiri hufunga kwenye malori ili wajue lori liko wapi. Kwa hiyo kinagusa uhai wa mtu na mshahara wa mtu, nasi tumeona afadhali kieleweke.

Mafundi huiita antena ya kiraka, na ukiiona utakubali jina hilo. Chini kuna bamba la chuma au shaba. Juu yake kuna tabaka la kitu kisichopitisha umeme, plastiki ngumu au udongo uliochomwa kama wa kikombe. Juu ya tabaka hilo kimebandikwa kipande chembamba cha shaba au fedha, kidogo kuliko bamba la chini, kama kiraka kwenye suruali ya kazi. Waya mmoja unapenya kutoka chini na kukigusa. Basi, hakuna zaidi.

Inafanyaje kazi? Chukua beseni la maji ulitikise mbele na nyuma. Ukiupata mwendo wake, maji hupanda upande huu huku yakishuka upande ule, na ukizidisha humwagika kwenye kingo zote mbili. Ukitikisa haraka mno au polepole mno, maji yanachafuka tu. Umeme ndani ya kiraka huenda na kurudi vivyo hivyo, ukingo mmoja hadi wa pili, na pale kingoni ndipo wimbi la redio linapomwagika kwenda hewani. Kupokea ni kinyume chake: wimbi likifika kutoka angani kwa mwendo ule ule, linautikisa umeme wa kiraka, na ule waya unaupeleka kwenye mtambo. Bamba la chini hulizuia wimbi, kwa hiyo antena hii husikia upande wa juu tu, kama mtu aliyelala chali.

Urefu wa kiraka ni lazima ulingane na nusu ya wimbi. Tupige hesabu. Satelaiti za GPS hutuma mawimbi milioni 1,575.42 kwa sekunde, na mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukigawanya unapata wimbi la sentimita 19, na nusu yake ni tisa na nusu. Mbona basi kibamba chetu ni kidogo hivyo? Kwa sababu ndani ya ule udongo maalumu wimbi hupunguza mwendo na kufupika mara nne au zaidi, na kiraka kinabaki sentimita 2 hivi. Ubaya wake ni kwamba kinasikia mwendo mmoja tu. Ukikiwekea chuma karibu, au kitambaa kilicholowa maji, mwendo wake unahama kidogo na kinakuwa kiziwi.

Wazo hili lilitolewa Marekani mwaka 1953 na Georges Deschamps, lakini lilikaa miaka mingi bila kutumika sana. Katika miaka ya 1970 wahandisi kama Robert Munson na John Howell walilifanyia kazi, maana roketi na ndege za kasi zilitaka antena isiyochomoza kwenye upepo. Leo viraka vingi vikipangwa safu safu hutengeneza yale mabamba bapa ya kupokea intaneti kutoka satelaiti. Baadhi ya masanduku marefu unayoyaona kwenye minara ya simu yana viraka ndani pia.

Turudi ziwani. Tanganyika ina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake hufika mita 1,470, kwa hiyo huko kati nanga haigusi chini. Wavuvi wetu wa mukeke na ndagala hufanya kazi usiku kwa taa. Upepo wa kusini wa kiangazi ukivuma, mtumbwi unasukumwa, na mpaka wa Kongo hauna uzio wa kuuonyesha. Hapo chombo cha GPS kinasaidia. Satelaiti ziko juu kilomita 20,200 hivi, kila moja inatangaza saa yake, na chombo kikisikia nne au zaidi kinapiga hesabu ya mahali ulipo. Hakihitaji mtandao wa simu, ingawa wengi wanaamini kinauhitaji. Weka alama ya mwalo wako kabla ya kutoka, na kama unatumia simu, pakua ramani ukiwa bado nchi kavu. Mfuko mkavu wa plastiki hauzuii kitu. Sanduku la chuma na turubai lililolowa vinazuia.

Jambo moja tulirudie kwa wavuvi: antena hii inasikiliza tu. Satelaiti ya GPS haijui kama upo. Ukizama ukiwa nayo mkononi hakuna aliyeambiwa, isipokuwa una simu yenye mtandao au redio ya kuita.

Barabarani ni vingine. Kile kisanduku cha lori kina antena mbili: kiraka kinachosikiliza satelaiti, na nyingine ya simu inayopeleka habari ofisini. Kuna shauri lililofika kwetu tawini, la dereva anayebeba chikichi. Alikatwa siku tatu za mshahara kwa kuacha njia. Karatasi ya ofisi ilionyesha lori limetoka barabarani na kukaa dakika sita ndani ya ziwa! Tajiri alisoma "kuacha njia", hakujiuliza lori linaelea vipi.

Tulipokwenda kuangalia, kisanduku kilikuwa chini ya sanduku la spana, kimelala kifudifudi. Tena katika barabara ile ya kutoka Bujumbura kuja Rumonge, mahali pengi milima ya mashariki inakaribia sana na kuficha sehemu ya mbingu. Kiraka kikisikia satelaiti chache, au kikisikia mawimbi yaliyogonga mlima kwanza, hesabu inakosea kwa makumi ya mita, pengine mamia. Shauri bado halijaamuliwa.

Anayekatwa mshahara kwa karatasi ya namna hiyo asiweke sahihi siku hiyo hiyo. Aombe nakala yenye saa na alama zote za njia, na idadi ya satelaiti zilizosikika kila mara, maana visanduku vingi huiandika. Kisha aangalie kisanduku kimefungwa wapi na kinatazama upande gani, akiwa na shahidi, na aje nayo yote tawini.