Nyumba za Kupangisha Karibu na Migodi

Ajengaye nyumba ya kupangisha karibu na mgodi hutazama sana dhahabu, wala hatazami umri wa mgodi wenyewe. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mpya ukaanza kazi mwaka 2000. Hiyo ni miaka 34, na nyumba ya matofali mabichi haimngoji mpangaji muda wote huo! Hapa mkoani Shinyanga, mgodi wa Buzwagi karibu na mji wa Kahama ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, ukafungwa mwaka 2021. Basi aliyekopa benki kwa kutegemea kodi ya wafanyakazi wake ilimpasa amalize deni kabla ya hapo, la sivyo nyumba aliyoiweka rehani ingeuzwa.

Lakini Kahama haikufa, maana ina biashara ya mpunga na barabara iendayo Rwanda na Burundi. Mwenye vyumba karibu na soko aweza kupata mpangaji mwingine. Chumba kikikaa kitupu, afadhali kupunguza kodi mapema kuliko kuwaachia mchwa, ambao hawalipi kitu. Tena, kwa maoni yangu, yafaa kuanza na vyumba viwili kwa fedha yako mwenyewe, na kodi yake ndiyo ijenge cha tatu.