Mchumaji Mpya Juu ya Mkarafuu

Mavuno ya karafuu kisiwani Pemba huwaingiza shambani watu ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka hushughulika na mambo mengine, wakiwemo vijana waliotoka shule karibuni na ambao hawajapata kuupanda mkarafuu. Mti huo ukikomaa huweza kupita mita 10 kwa urefu, na tawi lake, tofauti na la mpera ambalo hupinda na kumwonya aliyelikanyaga, hukatika ghafla. Vitumba, yaani maua yasiyochanua ambayo ndiyo karafuu yenyewe, huota kwenye ncha za vitawi, kwa hiyo kazi humvuta mchumaji kuelekea palepale ambapo mti ni dhaifu.

Kinachomvuta zaidi ni malipo. Desturi ni kumlipa mchumaji kwa pishi, kipimo cha ujazo kilicho sawa na vibaba vinne, na asiye na uzoefu, akiona wenzake wanajaza pishi kadhaa huku yeye hajajaza moja, huifidia mikono yake mizito kwa kusogea mbali na shina. Ni vigumu kuona namna nasaha ya kujihadhari inavyoweza kushindana na hesabu hiyo. Mwenye shamba anayetaka watu wake washuke wazima hana budi kuanzia hapo: siku za mwanzo amlipe mgeni ujira wa kutwa, amweke mti mmoja na mchumaji mzoefu, na amwekee mpaka kwenye matawi ya chini yanayofikiwa kwa ngazi iliyofungwa shinani. Pishi chache zitapungua, lakini hata tawi linalovunjika ni hasara ya mavuno ya miaka inayofuata.

Mafunzo yenyewe hutolewa chini ya mti, kabla ya kupanda. Mgeni huonyeshwa matawi makavu, hufundishwa kukanyaga karibu na panda, yaani mahali tawi linapoungana na shina, na kuhakikisha kwamba kati ya mikono miwili na miguu miwili, vitatu vimeshika mti kila anapohama. Tawi la mbali huvutwa kwa kamba au kigoe badala ya kufuatwa, na pakacha likijaa hushushwa kwa kamba, kwa kuwa mzigo begani humpokonya mtu mizani yake. Wapo pia majimoto, sisimizi wekundu wanaojenga viota vya majani, ambao wakulima huwathamini kwa kuwafukuza wadudu waharibifu. Lakini asiyewazoea huachia mikono anapoumwa, na ndiyo sababu mti wenye viota vingi haufai kuwa darasa lake la kwanza. Mvua za vuli hukutana mara nyingi na mavuno, na gome likilowa hakuna apandaye hadi likauke.

Kwa walio chini ya miaka 18 jambo ni jepesi zaidi kuamua. Mkataba Na. 182 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1999, ambao Tanzania imeuridhia, unawakataza watoto kazi za hatari, na Pendekezo Na. 190 linaloandamana nao linataja waziwazi kazi za kimo cha hatari miongoni mwa zile za kuzingatiwa. Kuchambua, yaani kutenganisha karafuu na makonyo, na kuanika kwenye majamvi ni kazi za ardhini, ingawa nazo hazihalalishi kumkosesha mtoto masomo.

Mtu akianguka, wengi hukimbilia kumwinua na kumkalisha, kitendo kinachoweza kuudhuru zaidi uti wa mgongo uliovunjika. Anapaswa kuachwa alivyolala, kichwa chake kikishikiliwa kisigeuke, kisha watu kadhaa wamhamishie kwa pamoja kwenye ubao au mlango uliong'olewa na kumfunga asitikisike njiani. Kwa kuwa mashamba mengi yako mbali na barabara, dereva atakayempeleka hospitali na namba yake ya simu vijulikane kwa kila mchumaji tangu asubuhi, kabla mtu yeyote hajaukwea mti.