Mashine ya kutotolesha inaunguza kadi kila mara? Pima umeme kwanza

Leo tuzungumzie mashine za kutotolesha vifaranga, hasa hizi ndogo za mayai 88 mpaka 264 zinazotumia umeme wa nyumbani. Malalamiko ninayoletewa zaidi ni haya: "Bwana mifugo, kadi imeungua tena."

Mama mmoja katani kwangu alishabadilisha kadi mbili. Ya tatu iliharibika mayai 176 yakiwa siku ya 15, yote yakafia ndani. Fundi akasema kadi ni feki. Inawezekana, zimejaa madukani. Lakini tulipopima soketi yake saa 1 usiku, mita ilisoma volti 158.

Umeme wetu unatakiwa uwe volti 230. Ukishuka hadi 158, joto la hita halipungui kidogo tu kama watu wanavyodhani, linashuka chini ya nusu. Hita ya wati 200 inatoa kama wati 94. Mashine inahangaika kufika nyuzi 37.5, feni inazunguka kivivu, na vifaranga wanachelewa kupita siku ya 21 au wanatoka dhaifu.

Kwenye kadi kuna kifaa kidogo kinaitwa rilei, ndicho kinachowasha na kuzima hita. Kwenye kadi nyingi za bei rahisi, umeme ukiwa mdogo rilei inakosa nguvu ya kushika vizuri. Inashika, inaachia, inashika tena, utasikia tik-tik-tik. Kila mara inatoa cheche, mwisho vidole vyake vinayeyuka na kugandana. Hapo hita haizimi tena. Umeme ukirudi kuwa mzuri usiku wa manane, joto linapita nyuzi 40 na mayai yanaiva wewe umelala. Kwa hiyo ukisikia huo mlio, usiupuuze.

Sasa kupima. Nunua au azima multimita, iweke upande wa AC kwenye 600 au 750, pima kwenye soketi ileile ya mashine. Pima mchana, kisha pima kati ya saa 1 na saa 4 usiku watu wanapopika na kuangalia TV. Kama namba inaanguka pale tu unapowasha jiko au birika lako, tatizo liko kwenye waya zako: eksitensheni ndefu na nyembamba, au sehemu iliyolegea. Kama inaanguka hata ukiwa umezima kila kitu, na jirani naye analia, hiyo ni laini. Toeni taarifa pamoja, mkiwa na namba mlizoandika na saa.

Ukiona taa nyingine zinang'aa kupita kiasi na nyingine zinafifia kwa wakati mmoja, usiendelee kupima. Zima swichi kuu mara moja, ita fundi mwenye leseni. Huenda nyutro imekatika, na umeme unaweza kupanda mno ukaunguza kila kitu ndani.

Stebilaiza inasaidia, ila soma ubavuni inapokea kuanzia volti ngapi. Kama imeandikwa 180 na kwako unapata 158, umetupa hela. Chagua yenye uwezo zaidi ya jumla ya wati za mashine, na usiichomeke friji humohumo, mota yake inavuta umeme mwingi inapoanza. Chagua pia yenye kusubiri dakika 3 hadi 5 umeme ukirudi, maana dakika za mwanzo ndizo hupanda na kushuka. Kama huna, chomoa plagi ukikatika, uirudishe mwenyewe ukishatulia.

Wakati umeme haupo usifungue mlango kila saa kuchungulia. Funika mashine kwa blanketi, acha matundu ya hewa wazi. Kiinitete kinavumilia kupoa kwa muda kuliko kuzidishiwa joto. Ukikatika kwa muda mrefu, weka chupa za maji ya moto ndani, zisiguse mayai, na fuatilia kipimajoto.